Hewa Isiyopimwa Haina Mtetezi

Wakenya ni watu wanaojali vipimo. Mkulima wa majani chai akishuku kwamba mizani ya kituo cha kununulia imempunja hata kilo moja, majirani wote watakuwa wamejua kabla ya jua kutua. Maziwa hupimwa katika chama cha ushirika mbele ya macho ya mwenyewe. Mahindi yakifikishwa kwenye maghala ya Bodi ya Nafaka hupimwa unyevu, na yale yanayozidi asilimia 13.5 hurudishwa yakaanikwe. Mwenye duka naye haruhusiwi kuuza sukari kwa mizani isiyopigwa mhuri na wakaguzi wa serikali. Hata mvua, ambayo hakuna anayeiuza, hupimwa kila asubuhi na kuandikwa daftarini.

Ni jambo la kustaajabisha, basi, kwamba kitu tunachokitumia zaidi ya hivyo vyote, usiku na mchana, matajiri kwa maskini, wazima kwa wagonjwa, ndicho ambacho miji yetu bado haijajizoeza kukipima kwa utaratibu. Kitu hicho ni hewa. Mzazi wa Nairobi, Mombasa, Kisumu au Nakuru husikia redioni kila jioni iwapo kesho kutanyesha. Hasikii jana mwanawe alivuta moshi kiasi gani akiwa darasani, wala siku gani ingefaa mtoto mwenye pumu abaki ndani.

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi hatufichi maradhi haya kwa kusudi. Tunayaficha kwa kutoyatazama.

Moshi wa miji yetu una vyanzo vingi, lakini viwili humgusa kila mtu: magari na majiko. Magari tunayaona. Ni nani ambaye hajasimama kituoni kwenye barabara ya Jogoo au ya Mombasa, matatu ikaondoka kwa ngurumo na kumwachia wingu jeusi usoni? Majiko hatuyaoni, kwa kuwa yamo ndani ya nyumba. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya familia za Kenya hupikia kuni, na ukiongeza wale wanaotumia makaa utapata takriban theluthi mbili. Kuni ni za mashambani zaidi, lakini makaa, mafuta taa na vipande vya mbao ndivyo vinavyochemsha sufuria katika mitaa mingi ya mabanda mijini, mara nyingi katika chumba kile kile kimoja ambamo mama hupika, mtoto hulala na mwanafunzi hudurusu.

Sehemu iliyo hatari zaidi ya moshi huo haionekani. Ni chembechembe zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo wataalamu huziita PM2.5. Unywele mmoja wa binadamu una unene unaozidi wa chembe hizo zaidi ya mara ishirini. Kwa kuwa ni ndogo hivyo, hazinaswi puani wala kooni. Hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Ndiyo sababu madhara yake hayaishii kwenye kikohozi: huhusishwa pia na maradhi ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu, na nimonia kwa watoto wadogo. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba uchafuzi wa hewa ya nje na ya ndani ya nyumba huhusika katika vifo vipatavyo milioni 7 kila mwaka ulimwenguni. Mwaka wa 2005 shirika hilo lilishauri kwamba wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 10 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Mwaka wa 2021, baada ya ushahidi kuongezeka, liliteremsha kiwango hicho hadi 5.

Je, sisi tuko wapi? Majibu tuliyo nayo ni ya vipande vipande, na mengi yametokana na juhudi za watafiti wachache. Kati ya 2008 na 2010 wanasayansi walipima hewa juu ya paa katika Chuo Kikuu cha Nairobi wakapata wastani wa mikrogramu kama 21. Huko Gigiri, penye miti na makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, walipata kama 13. Mwaka wa 2009 watafiti wengine walishuka kutoka paani wakapima kando ya njia za katikati ya jiji wakati wa mchana. Mahali palipokuwa na moshi mwingi zaidi walipata kama 98. Mwaka wa 2013 vipimo vilipelekwa katika mitaa ya mabanda. Viwandani ilipatikana takriban 67, na Korogocho takriban 166.

Msomaji aliye mwalimu wa hisabati atatuonya, na atakuwa na haki, kwamba tarakimu hizo hazikuchukuliwa kwa kifaa kimoja wala kwa msimu mmoja, kwa hiyo haifai kuzilinganisha kama alama za mtihani. Hata hivyo, zinatosha kutufunza jambo moja kubwa: hakuna hewa moja ya Nairobi. Kuna hewa ya paani na hewa ya barabarani, kuna hewa ya Gigiri na hewa ya Korogocho. Atakayetaka jiji lionekane safi ataweka kituo chake penye miti, kisha atatangaza wastani. Wastani huo hautakuwa uongo, lakini hautamhusu mchuuzi wa barabarani, wala askari wa trafiki, wala mama anayepuliza makaa huku amembeba mtoto mgongoni.

Kwa sababu hiyo ni vyema wasomaji wetu, hasa wanafunzi, waelewe kazi hii hufanywaje. Njia inayoaminika zaidi ni kongwe na rahisi kueleza. Pampu hufyonza hewa, tuseme mita moja ya ujazo kwa saa, na kuipitisha katika kichujio kisafi ambacho kimekwisha pimwa uzito. Baada ya saa 24 kichujio hupimwa tena, na kilichoongezeka ndicho uchafu wa siku hiyo. Tufanye hesabu pamoja. Ikiwa hewa ina mikrogramu 21 kwa mita ya ujazo, mita 24 zitaacha mikrogramu 504, yaani nusu miligramu hivi, uzito unaokaribia wa chembe moja ya sukari. Kwa hiyo anayepima hewa hana budi kuwa na mizani yenye uwezo wa kutambua sehemu ndogo ya chembe ya sukari, chumba kisichobadilika unyevu, na mikono isiyo na haraka. Si kazi ya kufanywa mara moja kwa ajili ya picha magazetini.

Kupima kiasi hakutoshi. Sharti tujue pia moshi umetoka wapi, na hapa sayansi imepiga hatua za kufurahisha. Kuni ikiungua huacha katika moshi wake kemikali iitwayo levoglukosani, inayotokana na nyuzinyuzi za mti. Dizeli haina kitu hicho. Zaidi ya hayo, mti uliokatwa juzi ulikuwa ukivuta hewa ya juzi, hivyo una kiasi fulani cha kaboni-14. Petroli na dizeli zilitokana na viumbe vilivyofukiwa ardhini mamilioni ya miaka iliyopita, na kaboni-14 yake imekwisha kabisa. Mtaalamu akilichunguza sizi lililonaswa kichujioni anaweza kukadiria ni sehemu gani imetoka jikoni na ni sehemu gani imetoka kwenye injini. Utafiti ule wa 2008 hadi 2010 ulionyesha kwamba magari na vumbi la ardhini vilichangia kama robo tatu ya chembechembe zilizopimwa. Lakini tukumbuke ulipimwa wapi: nje, na mbali na vyumba vya kupikia. Kipimo cha paani hakiwezi kumsemea mpishi.

Kwa nini tofauti hiyo ni muhimu? Kwa sababu dawa ya moshi wa matatu si dawa ya moshi wa jiko. Wa kwanza unataka ukaguzi wa magari usiohongeka, mafuta safi, na usafiri wa umma utakaopunguza msongamano. Wa pili unataka gesi au umeme wa bei ambayo mwenye kipato cha kijungujiko anaweza kuimudu. Serikali isiyojua uwiano wa maovu haya mawili ni kama tabibu anayetoa vidonge bila kumgusa mgonjwa.

Mfano wa karibu ni kodi ya gesi ya kupikia. Mnamo Julai 2021 kodi ya ziada ya thamani, asilimia 16, ilirudishwa kwenye gesi. Mwaka wa 2022 ikapunguzwa hadi asilimia 8, na mwaka wa 2023 ikaondolewa. Katika mijadala yote hiyo tulisikia hesabu za hazina na hesabu za waagizaji wa gesi. Hesabu ambayo haikusikika ni hii: kila bei ya mtungi inapopanda na jamaa kadhaa kurudia makaa, ni moshi kiasi gani unaoongezeka chumbani, na ni watoto wangapi wanaofikishwa zahanati wakihema? Hesabu hiyo haikutajwa kwa kuwa hakuna aliyeiweka. Shilingi zilikuwa na daftari lake, na mapafu hayakuwa na daftari.

Na daftari hilo ndilo msingi wa haki. Mnamo Februari 2013 msichana wa miaka 9, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alifariki mjini London baada ya kusumbuliwa na pumu kali iliyomlaza hospitalini mara nyingi. Nyumba yao ilikuwa karibu na barabara yenye magari mengi. Uchunguzi wa kwanza wa kifo chake haukuitaja hewa. Mama yake, Rosamund, ambaye aliwahi kuwa mwalimu, hakuridhika. Kilichomsaidia hakikuwa machozi yake, bali kumbukumbu za kituo cha kupimia hewa kilichokuwa umbali wa kama maili moja kutoka nyumbani. Mtaalamu alizilinganisha kumbukumbu hizo na nyakati ambazo mtoto alizidiwa. Uchunguzi wa pili ukafanywa, na mnamo Desemba 2020 ikaamuliwa kwamba uchafuzi wa hewa ulichangia kifo cha Ella. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa jambo hilo kutambuliwa hivyo nchini Uingereza.

Sasa tujiulize bila kujidanganya. Mtoto kama Ella akifariki leo katika mtaa ulio kando ya barabara zetu kuu, mama yake atapeleka nini mbele ya hakimu? Cheti kitaandikwa nimonia au pumu, naye ataambiwa ni mapenzi ya Mungu. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya, na cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Lakini habari ambayo haikukusanywa haiwezi kudaiwa, na haki isiyo na kipimo ni kama hundi ya benki isiyo na fedha.

Tena hatuhitaji kwenda London kutafuta ushahidi wa jambo hili. Wakazi wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliodhurika kwa madini ya risasi kutoka kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, hawangefika popote kwa kulalama peke yake. Vipimo vya damu na vya udongo ndivyo vilivyosema kwa niaba yao. Mahakama iliwapa fidia ya Sh1.3 bilioni mwaka wa 2020. Rufaa ikaupindua uamuzi huo mwaka wa 2023, na Mahakama ya Juu ikaurejesha mnamo Desemba 2024. Walioteseka walikuwa maskini, lakini walikuwa na tarakimu mkononi.

Kuna watakaotupinga wakisema kwamba nchi yenye madeni na hospitali zisizo na dawa haina fedha za kununulia mitambo ya kupima kitu ambacho kila mwenye macho anakiona. Moshi ni moshi, watasema; nunueni majiko bora, acheni mizani. Hoja hiyo ina uzito na haifai kudharauliwa. Ni kweli kwamba kupima si kusafisha, na tumeona tume na ripoti nyingi zilizogeuka kuwa mahali pa kujifichia. Lakini jiko bora lisilopimwa ni ahadi tu. Lipo jiko linalookoa makaa bila kupunguza chembechembe vya kutosha, na hakuna atakayelitambua kwa kulitazama. Anayetumia fedha za umma bila kipimo hajui kama amenunua afya au amenunua mabati.

Isitoshe, gharama imeshuka. Siku hizi vipo vifaa vidogo, bei yake ikiwa sehemu ndogo tu ya bei ya kituo kikubwa, vinavyotumia mwali wa mwanga kutambua chembechembe, kama vile vumbi linavyoonekana jua linapopenya tunduni. Mwaka wa 2016 vifaa vya aina hiyo vilijaribiwa Nairobi, shule kadhaa zikiwa miongoni mwa mahali vilipowekwa. Vina kasoro zake. Asubuhi yenye unyevu, chembe huvimba kwa maji na kifaa hutoa tarakimu kubwa kuliko ilivyo, na baada ya muda hupoteza usahihi. Dawa yake tunaijua tangu zamani: ni ile ile ya mizani ya dukani. Kila kifaa kidogo kiwekwe mara kwa mara kando ya kile kikubwa kinachoaminika, kirekebishwe, ndipo kiruhusiwe kusema. Vyuo vikuu vyetu vina wataalamu wa kuifanya kazi hiyo.

Ujuzi wenyewe si mgeni kwetu. Tangu 1999 kuna kituo cha kuchunguza hewa kwenye Mlima Kenya, kilichowekwa huko juu kwa kuwa hewa yake haijachafuliwa na miji na hivyo hufaa kwa elimu ya dunia nzima. Tunakipongeza. Lakini si haki tujue habari za hewa ya mlimani, wanakopita wapanda mlima wachache, kuliko ya mitaa wanamolala mamilioni.

Wala serikali haikosi rekodi ya kujivunia. Mwanzoni mwa 2006 Kenya, pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara, iliachana na petroli yenye risasi. Mwaka wa 2015 nchi za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa kidogo sana. Magari yaliyozidi umri wa miaka minane hayaruhusiwi kuingizwa nchini. Kanuni za ubora wa hewa zilichapishwa mwaka wa 2014. Tatizo letu si kutunga sheria. Tatizo ni kwamba hatujui sheria hizo zimepunguza moshi kwa kiasi gani, maana hatukupima kabla na hatupimi baada.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, serikali kuu na za kaunti ziwe na vituo vya kudumu katika kila mji mkubwa, navyo visiwekwe mitaa ya kifahari pekee bali pia kando ya barabara, katika mitaa ya mabanda na karibu na majaa kama lile la Dandora. Pili, matokeo yatangazwe kila siku pamoja na utabiri wa hali ya hewa, kwa lugha ambayo bibi kijijini ataielewa, bila kungoja idhini ya mkubwa yeyote. Tatu, vipimo viingie ndani ya nyumba kwa ridhaa ya wenyewe, kwani hewa ya jikoni ndiyo wanayoivuta zaidi akina mama na watoto wachanga.

Nanyi walimu mna nafasi yenu, tena kubwa. Shule ni mahali pazuri kuliko pote pa kuweka kifaa cha kupimia: pana watoto, pana ulinzi, pana watu wanaojua kuandika tarakimu kila siku bila kukosa. Hata kabla ya kifaa kufika, kazi inaweza kuanza. Wanafunzi na wahesabu magari yanayopita langoni kwa saa moja asubuhi na saa moja adhuhuri. Na wapake karatasi nyeupe mafuta ya kujipaka, waitundike moja langoni, moja jikoni na moja nyuma ya madarasa, kisha baada ya wiki wazilinganishe. Karatasi hizo hazitawapa mikrogramu, lakini zitawafunza kuuliza swali kwa njia inayoweza kujibiwa, na hiyo ndiyo elimu yenyewe.

Watakapofanya hivyo, wasishangae wakigundua kwamba karatasi nyeusi zaidi si ya langoni. Shule zetu nyingi hupikia kuni, na wapishi husimama ndani ya moshi kuanzia alfajiri ili wanafunzi wapate githeri. Shule nyingine huchoma takataka nyuma ya vyoo kila Ijumaa, plastiki na yote, huku somo la mazingira likiendelea darasani. Mwalimu mkuu anayetaka kuilaumu matatu na aanze kwa kupandisha dohani ya jiko lake na kuuzima moto wa takataka. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Hatuwaombi viongozi wetu muujiza. Tunawaomba uaminifu ule ule ambao mkulima huudai kwenye mizani ya majani chai: kipimo kiwe cha kweli, kisomwe mbele ya mwenye mali, na kiandikwe. Mwenye mali hapa ni mtoto aliyeketi karibu na dirisha linalotazama barabarani, ambaye tayari anaivuta hewa hiyo, nasi bado hatuwezi kumwambia ina nini.